Makuyu ya Jirani

Mpishi mkuu wa hoteli ya ghorofa tatu, ile iliyokuwa mkabala na stendi ya mabasi, aliitwa Chumvi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alilipata zamani, wakati kazi yake ilikuwa bado kumenya viazi. Alipita karibu na sufuria ya bosi wake, akanusa mara moja, akasema, "Mchuzi huu haujatiwa chumvi." Wakaonja. Kweli, haukuwa na hata chembe. Tangu siku hiyo jina likamganda, naye akaliacha limgande. Nikisema mtu yule alikuwa na pua, sitii chumvi.

Ulimi wake nao haukuwa na adabu. Alionja kila kitu: maini mabichi, samaki wa kutilia shaka, hata dawa ya kikohozi ya wasaidizi wake, apate kujua kama tangawizi imo kweli au imeandikwa tu kwenye chupa. Kitu kimoja tu hakukigusa kwa zaidi ya miaka ishirini, na kitu hicho ndicho kilichomkuza. Makuyu.

Kuyu ni tunda la mkuyu, na kama hujawahi kulila usijilaumu, maana wengi hupita chini ya mti huo wakidhani matunda yake ni ya ndege tu. Ni tunda dogo, kama ndimu changa, tena halina heshima ya kukaa kwenye vitawi vyembamba kama matunda mengine. Linajazana kwa vishada kwenye matawi manene na kwenye shina lenyewe, utadhani mti umeota vipele. Ukiliacha liive kwa hiari yake, vijidudu vinazaliwa ndani yake, vinatoboa, vinatoka, na sisimizi wanaingia kuchukua nafasi. Hapo ndipo watu wanapokunja uso na kusema, aa, hiki si chakula.

Lakini dada yake Chumvi alikuwa na dawa ya hilo. Wazazi wao waliondoka duniani wakifuatana, mmoja kabla mazao hayajavunwa na mwingine baada, wakamwacha binti wa miaka kumi na sita na mdogo wake wa miaka mitano. Nyuma ya kiwanja cha matofali, kando ya kijito, palikuwa na mkuyu mnene usio na mwenyewe. Yule binti akachukua kijiko cha chai, akakinoa ukingo mmoja kwenye jiwe mpaka ukakata. Akawa anapanda na kijiko chake mdomoni, anakwaruza kila kuyu bichi mkwaruzo mmoja mfupi, kazi aliyoiita kuchanja, anashuka. Anahesabu siku tatu. Ya nne anachuma. Kuyu lililokwaruzwa hupata kiwewe, likaharakisha kuvimba na kuwa tamu kabla vijidudu havijapata muda wa kukomaa. "Ukichelewa," alikuwa akisema, "wenye nyumba wameshaamka."

Basi walikula makuyu kwa kila namna. Walikula mabichi yaliyochumwa sasa hivi, yangali na joto la jua. Yaliyopasuliwa katikati yalianikwa juu ya bati mpaka yakakauka, yakatwangwa, na unga wake ukatiwa kwenye uji mahali pa sukari. Majani machanga ya mti huohuo yalichemshwa na karanga, ikawa mboga. Na yaliyobaki, dada aliyapika polepole kwenye moto wa vumbi la mbao, akapata jamu nyekundu nzito ambayo aliitia kwenye chupa na kuipitisha nyumba kwa nyumba. Sare za shule za Chumvi zilitoka kwenye mti ule, na viatu vyake, na daftari zake, na hata ule ulimi wake wa kujua ladha.

Shuleni wenzake walimwita Ndege. "Ndege amekuja, fungeni matunda!" Siku moja alirudi nyumbani analia, akasema hataki tena kula vitu vya porini.

"Kwani wamekuitaje?" dada akauliza.

"Ndege."

"Basi ruka, tukuone," dada akasema, akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akamkumbatia. Yeye alidhani yameishia hapo. Kumbe mtoto aliyaweka moyoni, akakua nayo.

Sasa nifike pale ambapo Chumvi mwenyewe asingependa nifike. Siku alipopandishwa kuwa mpishi mkuu, mwenye hoteli alimwandalia tafrija ndogo ukumbini. Vitambaa vyeupe mezani, wageni wamependeza, na Chumvi yumo ndani ya koti jipya jeupe lenye safu mbili za vifungo, kichwa kimemvimba hadi kofia inambana. Dada yake hakualikwa. Tuseme alisahauliwa, na tuseme pia kwamba alisahauliwa makusudi. Lakini habari njema zina miguu, naye akaja, na viatu vyake vya plastiki alivyovisugua vikang'aa, na chupa ya jamu mkononi iliyofungwa kitambaa cha maua. Akaiweka katikati ya meza ya heshima.

Mke wa mwenye hoteli akaifungua, akanusa. "Hii ni ya nini?"

"Ya makuyu, mama," dada akajibu.

"Makuyu haya ya porini? Si yana wadudu yale?" Mgeni mmoja akacheka, wa pili akamsaidia. Mama yule akamgeukia mpishi wake mpya. "Chumvi, huyu ni nani wako?"

Hapo alikuwa na maneno mengi ya kuchagua. Angeweza kusema, huyu amenilea. Angeweza kusema, haya yamechanjwa, hayana mdudu hata mmoja, onjeni. Alijua hilo kuliko mtu yeyote pale ukumbini. Badala yake akarekebisha kola ya koti lake.

"Jirani," akasema. "Jirani yetu wa zamani."

Dada alimtazama kidogo tu. "Ndiyo," akawaambia wageni, "jirani. Nimekuja kumpongeza." Akafunga chupa yake, akapangusa kwa ncha ya kitambaa lile duara dogo lililoachwa na chupa mezani, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Wiki iliyofuata Chumvi alikwenda kwake na nyama na mikate, roho inamsuta. Dada akampokea kwa furaha zote, akamwuliza hali ya wifi na watoto, akampa kiti kizuri. Hakuitaja ile siku, si hapo wala baadaye. Kilichobadilika ni kitu kidogo sana. Chumvi alikuwa na tabia ya kukohoa kabla ya kupiga hodi, na kuanzia hapo kila alipokohoa mlangoni, alisikia ndani bakuli likisukumwa chini ya kitanda. Akiingia, dada amekaa kitako, mikono mapajani, anatabasamu. Pua iliyogundua chumvi isiyokuwepo ingekosaje kugundua makuyu yaliyo hatua tatu kutoka kitini? Aliyanusa kila mara, na kila mara akajitia hamnazo, akazungumzia mvua.

Alikusudia kuomba radhi. Hilo namtetea, alikusudia kwa dhati. Ila kila alipokwenda palikuwa na sababu: leo kuna wageni, leo dada amechoka, leo anacheka, kwa nini nimharibie. Nitamwambia mwezi ujao. Miezi ijayo ya namna hiyo ilijaa miaka ishirini na kitu, na dada akaanza kusahau. Kwanza alisahau funguo, kisha njia ya sokoni, kisha kwamba mumewe alishafariki. Binti yake, fundi cherehani aliyekuwa na mashine yake chumba cha mbele, akamhamishia kwake ili amwone huku anashona.

Ndipo siku moja mpwa huyo akapiga simu hotelini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona sauti hivyo?"

"Mjomba, Mama hataki kula. Leo siku ya tano. Maji anakunywa, maziwa vijiko viwili, basi. Daktari amekuja, anasema hana ugonjwa wa tumbo, ameamua tu kufunga mdomo. Amesema tujaribu vitu alivyozoea, la sivyo hatafika mbali."

Chumvi akaichukulia kama kazi ya jikoni. Akapika supu ya kuku aliyechemka tangu alfajiri, akapika mayai laini, wali wa nazi, samaki asiye na mwiba hata mmoja. Alivibeba kwenye vyombo vya hoteli, akaenda navyo moja kwa moja kutoka kazini, koti jeupe mwilini. Dada alifumbua macho, akamjua. "Mdogo wangu," akasema, akamshika mkono. Lakini kila kijiko kilipokaribia alifunga mdomo na kugeukia ukuta. Chumvi alikaa pale na vyombo vyake kama mtu aliyepeleka barua kwenye nyumba iliyohamwa.

Walipotoka, mpwa wake akamvuta kando ya cherehani. "Usiku huwa anasema usingizini. Anataka makuyu."

"Si umletee?"

"Mjomba, mimi nilikuwa nayala tu. Yeye ndiye aliyekuwa anajua kuyachuma. Wewe ndiye uliyekulia chini ya ule mti."

Kesho yake alivaa shati la zamani na kofia ya majani, akaenda kijitoni. Miaka yote hiyo alikuwa akikwepa njia ile, na alishangaa kuukuta mkuyu palepale, mnene kuliko alivyoukumbuka, matunda yamejaa shina. Siku tatu za kungoja aliziona nyingi, akaokota yaliyokwisha kuiva, mekundu ya kupendeza. Jikoni kwake aliyapasua, akaona ndani vimejaa vijidudu vyeusi, akavikung'uta, akaosha, akachuja mara tatu, akatia ndimu na mdalasini. Ikatoka jamu ambayo angeweza kuipeleka kwenye meza yoyote. Dada akapokea kwenye ncha ya ulimi, akaizungusha, akaitema kwenye kiganja.

"Haya hayajachanjwa," akasema, akageukia ukuta.

Ulimi wa Chumvi ulitoka wapi, sasa mnajua.

Akarudi mtini na kisu chake bora, kile ambacho hakuna msaidizi aliyeruhusiwa kukigusa. Mtu wa kazi nzuri ni mtu wa kazi nzuri: alikata kila kuyu kwa mstari mmoja safi, wa kina sawasawa, kama anayetayarisha samaki wa kukaanga. Utomvu mweupe ukamwagika ukamgandia hadi viwikoni. Akahesabu siku tatu, huku mpwa wake akimpa dada maziwa kwa pamba. Ya nne akaenda na kikapu. Makuyu yake yote yalikuwa yamesinyaa meusi, nusu yamedondoka. Chumvi akaketi kwenye mzizi, kikapu kitupu kati ya magoti, akalia waziwazi kama mtoto aliyeitwa Ndege.

Mfyatua matofali wa kiwanja cha jirani, mtu waliyelingana umri na aliyekulia palepale, aliacha kazi akaja, mikono imejaa udongo. Alitazama makuyu, akatazama kisu, akatikisa kichwa.

"Wewe mzee, ulikuwa unayachinja?"

"Nilikuwa nachanja."

"Dada yako hakuwa anachanja hivyo. Alikuwa anakwaruza ngozi tu, kama mtu anayemkuna mtoto mgongo. Siku zote hizo ulizokuwa unamshikia kikapu ulikuwa unatazama wapi?"

"Nilikuwa natazama njiani," Chumvi akasema, "nione kama kuna mtu wa shule anapita." Na hilo ndilo jambo la kweli kuliko yote aliyowahi kuyasema kuhusu ule mti.

Alikwenda kwa mpwa wake, wakapekua sanduku la dada. Chini kabisa, ndani ya soksi moja ya mtoto, kilikuwepo kijiko cha chai, ukingo mmoja umelika mpaka umekuwa mwembamba kama ukucha. Alasiri ileile alirudi, akapanda kwa shida, magoti yanalia, kijiko mdomoni. Akakwaruza taratibu, ngozi tu. Siku tatu hizo aliunguza wali mara mbili hotelini, na wasaidizi wake walitazamana. Ya nne alfajiri aliomba ruhusa. Makuyu yalikuwa yamevimba, yamekuwa na rangi ya waridi, laini kwa kidole. Alilipasua moja palepale mtini. Ndani palikuwa safi, wenye nyumba hawajaamka. Akalitia mdomoni, kwa mara ya kwanza baada ya miaka ile yote, na likawa tamu vilevile kama alivyoogopa litakuwa.

Hakubadilisha nguo. Aliingia kwa mpwa wake na shati lake lenye utomvu na kofia ya majani, akapika uji chumba cha nyuma, akaponda makuyu ndani yake, akakaa ukingoni mwa kitanda na bakuli. Dada akanusa. Akafungua mdomo. Alikula kijiko, akala cha pili, akamaliza bakuli zima, na mlangoni mpwa wake alikuwa ameziba mdomo kwa kipande cha kitambaa alichokuwa anashona.

"Dada," Chumvi akaanza, "ile siku hotelini..."

Dada alikuwa anamtazama kwa upole, lakini ni ule upole anaopewa mgeni. "Asante sana, jirani," akasema. "Umehangaika. Hata mikono imechafuka." Kisha akashusha sauti. "Ila nikuombe kitu. Nina mdogo wangu, mpishi mkubwa hotelini, mtu wa watu. Akija usimwambie nimekula haya. Yanamtia aibu. Hebu nisukumie hilo bakuli chini ya kitanda."

Chumvi akainama, akalisukuma bakuli, na akasikia ile sauti aliyoizoea, safari hii akiwa upande wa ndani.

Tangu hapo alikwenda kila siku. Aligundua haraka kwamba akija na koti jeupe dada anamjua, anamwita kwa jina la utotoni, anamwuliza wifi. Lakini mdomo unafungwa. Akija na shati la zamani na kofia, hamjui, na anakula. Kwa wiki mbili alijipa moyo kwamba ataviunganisha hivi viwili, dada amjue na ale.

Jumapili moja alifika na koti jeupe, saa ya chakula cha mchana. Mpwa wake alikuwa ameshampelekea mama yake bakuli. Chumvi akasahau, akakohoa mlangoni. Alipoingia alimkuta dada amevuta shuka juu ya magoti, na rangi ya uji inapenya kwenye kitambaa.

"Mdogo wangu! Karibu, kaa. Sijala kitu, nilikuwa nakusubiri wewe."

Akapiga magoti kando ya kitanda. "Dada, najua ulichoficha. Mimi ndiye ninayeyachuma. Kwa kijiko chako. Dada, ile siku ya tafrija nilisema wewe ni jirani. Nilisema mbele za watu. Nisamehe."

Dada alimsikiliza kwa makini, uso umekunjamana kwa juhudi ya kutafuta. "Tafrija ipi?" akauliza. Alitafuta tena, hakuona kitu. "Sikumbuki hata. Wala usilie, koti litachafuka." Akampangusa shavu kwa kiganja, huku mkono wa pili ukikaza shuka juu ya bakuli ili asilione. Kosa lilikuwa limemtoka kichwani lote. Kuficha tu ndiko kulikobaki.

"Basi kula, dada. Kula mbele yangu."

"Sina njaa," akasema, na mdomo ukafungwa.

Walingoja nusu saa. Uji ukapoa. Mpwa wake alisimama mlangoni, akamtazama mjomba wake. Chumvi akainuka, akambusu dada yake kwenye paji la uso, akaaga kwamba anarudi kazini. Chumba cha mbele alifungua vifungo vya koti, safu ya kwanza na ya pili, akalitundika kwenye cherehani. Akavaa lile shati, akatia kofia, akamimina uji wa moto kwenye bakuli jingine. Akazunguka nyumba, akasimama mlango wa nyuma. Safari hii hakukohoa.

"Hodi."

"Nani?" sauti ya dada ikauliza kutoka ndani.

"Ni mimi," akasema. "Jirani."